Askari Likizoni na Intaneti ya Ng'ambo ya Mpaka



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu likizo. Huenda mtu akauliza: je, likizo ya askari ni jambo la kuzungumziwa redioni, mara tu baada ya habari nzito za dunia? Tunajibu kwamba ni jambo la kuzungumziwa, kwa sababu askari wa leo haendi likizo peke yake. Huenda na mke au mume, huenda na watoto, na ndani ya mfuko wa mtoto mmojawapo mna kishikwambi, yaani ile kompyuta bapa inayoguswa kwa kidole, ambayo bila intaneti haizidi sana kibao cha kuandikia cha wazee wetu. Na familia hiyo inapovuka mpaka kwenda kupumzika kijijini katika nchi jirani, swali linaloulizwa kabla hata mizigo haijateremshwa garini ni hili: hapa intaneti inapatikana vipi?

Tumchukue kwa mfano sajini mmoja wa polisi aliyetumika miaka mingi hapa Kampala. Hatumtaji jina, kwa maana si mtu mmoja. Wako wengi wa namna yake. Mkewe ni Mhaya wa upande wa Tanzania, na wazee wa mke wamewaachia nyumba ndogo ya matofali katika kijiji kimoja kati ya Kyaka na Bukoba, yenye migomba nyuma na mibuni mbele. Kila mwisho wa mwaka, mkuu wake akimpa ruhusa, sajini huyo huifunga nyumba yake ya Kampala, hupita Masaka na Kyotera, huvuka Mutukula, na kwa majuma mawili huwa mkwe wa watu, wala si sajini. Wengine wana nyumba kama hiyo kwa ndugu zao Wasamia ng'ambo ya Busia, wengine kwa Wanande ng'ambo ya Mpondwe. Mipaka yetu ilichorwa na wageni katikati ya jamaa, na jamaa hawakuacha kutembeleana.

Zamani mtu wa namna hiyo akishavuka alikuwa amepotea. Barua ilichukua siku nyingi, na simu ya upepo ya kituo haikumfuata mtu mgombani. Leo mambo ni tofauti, na tofauti hiyo si anasa tupu. Mtakumbuka kwamba shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na kwamba madarasa mengi hayakurudi kikamilifu mpaka Januari 2022. Nyumba nyingi zilinunua kishikwambi katika kipindi hicho kwa kujinyima, na tangu hapo walimu kadhaa wamezoea kupeleka kazi za likizo kwa njia hiyo. Baba naye, hata akiwa amevaa kaptula na kandambili, bado ni askari. Anaweza kuitwa kazini wakati wowote, na siku hizi wito hupitia kwenye kundi la WhatsApp la kituo kabla haujapita mahali pengine popote. Hapana budi apatikane.

Basi, kwa nini jambo hili linakuwa gumu? Tuanze na habari njema, ambayo ni habari ya sauti. Mwezi wa Septemba 2006 kampuni ya Celtel, ambayo baadaye iliitwa Zain na tangu 2010 ikaitwa Airtel, ilianzisha mpango wa mtandao mmoja kwa wateja wake wa Uganda, Kenya na Tanzania. Mteja aliyevuka mpaka aliendelea kutumia kadi yake ileile, akapokea simu bila malipo, na akaongeza salio kwa vocha ya nchi aliyomo. Ulimwenguni kote hapakuwa bado na mpango wa namna hiyo uliounganisha nchi tatu, na sisi wa Afrika Mashariki tuliutangulia ulimwengu katika jambo hilo, ingawa kwa desturi yetu hatukujisifu. Serikali zilifuata baadaye. Kati ya mwisho wa 2014 na mwanzo wa 2015 Kenya, Rwanda na Uganda, katika umoja wa Ushoroba wa Kaskazini ambao Sudan Kusini nayo ilikuwamo, zilikubaliana kwamba simu ya mtu aliye safarini isitozwe kama simu ya Ulaya. Kupokea kukawa bure, na bei ya kupiga ikawekewa kikomo cha senti 10 za dola ya Marekani kwa dakika.

Lakini yapo mambo mawili ambayo msafiri hana budi kuyajua. La kwanza, Tanzania haikuwamo katika makubaliano hayo yalipoanza. Kwa hiyo yale yanayomwendea vizuri mtu wa Busia si lazima yamwendee vizuri mtu wa Mutukula. La pili, na ndilo kubwa zaidi, makubaliano yalitangulizwa kwa sauti. Intaneti ilibaki nyuma, na bei yake ugenini hutegemea kampuni, kifurushi na nchi. Ndiyo maana mtu anaweza kuzungumza na mamaye kwa bei ya kawaida, kisha kishikwambi cha mtoto, kikiwa kimelala mezani bila kuguswa na mtu, kikammaliza salio lote kwa kujisasishia programu usiku.

Umoja wa Ulaya uliondoa nyongeza za bei kwa wasafiri wake tarehe 15 Juni 2017, na intaneti ilikuwamo tangu siku hiyo ya kwanza. Sisi tuliotangulia kwa sauti tumepitwa kwa intaneti. Tena waya wenyewe hauna mpaka! Nchi yetu haina bahari. Intaneti yetu tangu 2009, ulipotia nanga mkongo wa kwanza wa baharini kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, imekuwa ikija kwa nyaya zinazopita katika nchi za jirani. Mkongo wa taifa letu ulikwisha kufikishwa mpaka Mutukula. Hivyo mwanga unaobeba maneno yetu huvuka pale usiku na mchana bila kusimamishwa, na kinachosimamishwa ni bei tu. Kwa maoni yetu, wakuu wa Jumuiya wanaokutana Arusha wangefanya jambo la heri kulimaliza suala hili, kwa kuwa anayeumia si tajiri wa hoteli bali ni mtu wa mshahara mdogo aliyekwenda kuwaona wakwe.

Wakati huo huo, sajini wetu amekwisha kufika Mutukula. Na hapa kuna jambo ambalo askari wa mipakani wanalijua vizuri kuliko sisi wa studio. Mawimbi ya simu hayaoni bendera. Mnara wa Tanzania husikika upande wa Uganda, na wa Uganda husikika upande wa Tanzania, kwa kilomita kadhaa, na juu ya vilima zaidi. Simu, kwa desturi yake, hutafuta kwanza mtandao wa kwao. Ikiukosa au ukiwa hafifu, hujiunga na wa jirani bila kumwuliza mwenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kutozwa bei ya ugenini akiwa bado amekaa kwenye benchi la upande wa kwao akingoja pasipoti igongwe muhuri. Dawa yake ni ndogo: kabla hujafika mpakani, zima data ya ugenini katika mipangilio ya simu na ya kishikwambi, na ikiwa unalala karibu na mpaka, chagua mtandao wako kwa mkono, usikiache chombo kijichagulie. Ni kazi ya dakika mbili, na wengi huikumbuka baada ya salio kwisha.

Ukishavuka, njia nafuu ya kupata intaneti ni moja, nayo ni kununua laini ya nchi uliyomo na kifurushi chake. Kadi ya Uganda ibaki katika simu kwa ajili ya sauti na ujumbe, data yake ikiwa imezimwa. Laini ya Tanzania iingie katika kishikwambi, iwapo kina tundu la kadi. Maana vipo vishikwambi vingi, hasa vya bei ndogo, vinavyojua waifai tu, na wenyewe hawalijui hilo mpaka wamefika kijijini. Chombo kisicho na tundu hakijapotea: laini hutiwa katika simu yenye nafasi mbili za kadi, na simu ikakigawia kishikwambi intaneti kwa waifai. Tena msihofu kuhusu WhatsApp. Namba iliyojisajili humo ni ileile ya Uganda, hata kama intaneti inatoka kwenye kadi nyingine. Kituo kikimtafuta sajini kitampata kwa namba yake ya siku zote. Akiulizwa na chombo kama anataka kubadili namba, akatae.

Je, anunue laini ya nani? Hapa mtu wa mjini hukosea. Huuliza ni kampuni gani yenye kasi kubwa, kumbe kijijini swali ni kampuni gani yenye mnara karibu. Ziko Vodacom, Airtel, Halotel, Yas ambayo kabla ya mwisho wa 2024 iliitwa Tigo, na lipo shirika la umma la TTCL. Halotel ilipoanza kazi mwaka 2015 iliingia vijijini kwa nguvu, na serikali ya Tanzania ina mfuko maalumu wa kusaidia minara ijengwe mahali ambapo kampuni peke yake isingeona faida, kama sisi tulivyo na mfuko wa namna hiyo chini ya Tume ya Mawasiliano. Lakini majina hayo hayamsaidii mtu kuliko kumwuliza jirani wa nyumba ile, mwalimu wa shule ya msingi au mwendesha bodaboda: wewe unatumia mtandao gani, na usiku unakuwaje? Jibu la mtu mmoja anayelala pale lina thamani kuliko matangazo kumi.

Nyumba yenyewe nayo ina tabia yake. Mawimbi ya masafa ya chini, kama megahezi 700 na 800, huenda mbali na hupenya ukuta. Yale ya 1800 na 2600 hubeba mzigo mkubwa zaidi lakini huchoka mapema. Kijijini mara nyingi hupatikana yale ya kwanza, au mtandao wa zamani wa kizazi cha pili ambao hupitisha sauti na maneno lakini hushindwa na picha. Tena mabati huyarudisha mawimbi kama yanavyourudisha mvua. Mtu aliye chini ya paa la mabati, katika chumba chenye dirisha la chuma, huweza kukosa kile anachokipata aliye barazani hatua tano kutoka kwake. Migomba iliyolowa mvua nayo huyanywa mawimbi. Hivyo familia yenye akili huizunguka nyumba siku ya kwanza ikiwa na simu mkononi, ikatafuta pembe moja yenye nguvu, kwa kawaida dirisha linaloelekea mnara, na hapo ndipo simu inayogawa intaneti hutundikwa kwa kamba. Watoto watakaa chumba cha ndani na kishikwambi chao, wakipata intaneti kutoka dirishani. Na ikiwa kadi ni nzima, kifurushi kipo, alama za mtandao zimesimama, lakini kurasa hazifunguki, basi mara nyingi kosa ni kwamba chombo hakijaandikiwa jina la lango la intaneti la kampuni ile, linaloitwa APN. Wakala huliandika mara moja, maadamu umekwenda na kishikwambi chenyewe na hukukiacha nyumbani.

Tumefika kwa wakala, na kwa hiyo tumefika kwenye kiini cha maneno yetu ya leo.

Sajini wetu anafika kwenye kibanda cha wakala, mwavuli wa rangi juu na kijana wa miaka ishirini chini yake. Kwa lugha hana taabu. Jeshi na polisi wa Uganda walizungumza Kiswahili tangu siku za King's African Rifles, wakati raia wengine walikuwa bado wanakitazama kwa mashaka. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe shuleni. Ni kweli kwamba Kiswahili cha gwaride humchekesha kidogo mtu wa Bukoba, na kwamba atamwambia wakala anataka data, naye wakala atamjibu kuhusu bando na vocha. Watasikilizana.

Kijana anaomba pasipoti. Na hapa inafaa kukumbusha kwamba kati ya Uganda, Kenya na Rwanda raia wameweza tangu 2014 kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini Tanzania yahitaji pasipoti au hati ya safari. Pasipoti ndiyo inayotumika pia kusajilia laini ya mgeni, pamoja na alama za vidole, na laini hiyo husajiliwa kwa muda maalumu. Sajini anapapasa mfuko. Pasipoti ameiacha nyumbani, kilomita nne nyuma, ndani ya sanduku. Kijana, kwa ukarimu, anamwambia: "Mzee, usisumbuke. Ninayo hapa moja imeshasajiliwa, inafanya kazi, ongeza kidogo tu uichukue."

Wasikilizaji, jambo hili hutokea Kampala, hutokea Nairobi, hutokea Goma. Si la nchi moja. Na mtu wa kawaida angeweza kuichukua laini ile bila kufikiri. Lakini huyu ni askari, naye anajua, au yampasa kujua, usajili wa laini ulitoka wapi.

Ulitoka katika damu. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia hapa Kampala, mabomu yalilipuka katika mgahawa wa Kihabeshi Kabalagala na katika uwanja wa raga wa Kyadondo, wakafa watu zaidi ya 70. Bomu jingine, lililokutwa Makindye bila kulipuka, lilikuwa pamoja na simu ya mkononi, na simu hiyo iliwasaidia wapelelezi kuwafikia wahusika. Mwezi huo huo Bunge likapitisha sheria ya kusikiliza mawasiliano, ambayo ndani yake mlikuwamo wajibu wa kusajili laini. Kazi yenyewe ikaanza Machi 2012. Tarehe 17 Machi 2017 alipouawa kwa risasi Andrew Felix Kaweesi, msemaji wa polisi, pamoja na mlinzi wake na dereva wake, haikupita hata miezi miwili kabla Tume ya Mawasiliano haijatoa amri kwamba kila laini ihakikiwe kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania nayo ilianza Januari 2020 kuzizima laini zisizothibitishwa kwa alama za vidole. Mtu anaweza kulalamika juu ya foleni, juu ya haraka iliyowekwa, juu ya wazee wa vijijini waliozimiwa simu zao bila kosa. Malalamiko hayo tuliyasikia na mengine yalikuwa ya haki. Lakini askari wa upelelezi anayefuata nyayo za muuaji mpaka kwenye namba, kisha akakuta namba imeandikwa kwa jina la bibi mkulima ambaye hajawahi kuiona, anajua maana ya laini ile inayouzwa kwa kuongeza kidogo.

Kwa hiyo sajini wetu afanye nini? Arudi kilomita nne akaichukue pasipoti. Siku hiyo itaharibika, watoto watanuna, na kazi ya hesabu itachelewa. Asiposajili kwa jina lake, atakuwa anatumia jina la mtu aliyewekewa vidole kwa udanganyifu, katika nchi ya watu, akiwa mtumishi wa sheria wa nchi jirani. Na lolote lililofanywa kwa namba ile kabla yake, utapeli wa fedha au jambo baya zaidi, litakuwa linamngoja mlangoni. Akifika kizuizini atasema nini? Kwamba hakujua?

Katika kusajili, ajilinde pia yeye mwenyewe. Kuna mawakala wanaomwambia mteja kwamba kidole hakikusoma, aweke tena, na tena, kumbe kila mara laini nyingine inazaliwa kwa jina lake. Raia wa Tanzania huweza kuhakiki laini zilizo chini ya kitambulisho chake kwa kubonyeza *106#. Mgeni asiye na kitambulisho hicho na aende duka la kampuni lenyewe mjini, ikiwa njia yake inapita huko, badala ya kibanda, na aondoke baada ya kuthibitisha kwamba imetoka laini moja tu. Chombo chenyewe nacho kiwe halali: Tanzania ilizima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, na kilichonunuliwa uchochoroni kwa bei ya kuchekesha kinaweza kikakataliwa na kila mnara.

Lipo na jambo la VPN. Facebook ilipofungwa nchini kwetu Januari 2021, na hata kabla ya hapo, tulipotozwa shilingi 200 kwa siku kuanzia Julai 2018 kwa kutumia mitandao ya kijamii, watu wengi waliweka programu hizo katika vyombo vyao, askari wakiwamo, tusidanganyane. Tozo hiyo iliondolewa 2021 na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi, lakini programu zilibaki. Mamlaka ya Mawasiliano ya Tanzania mnamo Oktoba 2023 iliwatangazia watumiaji wa VPN kwamba wajitambulishe na kutoa maelezo ya matumizi yao. Mgeni anayevuka na programu iliyosahauliwa ndani ya kishikwambi cha mtoto anavuka nayo kama anavyovuka na kitu kingine chochote kilicho mfukoni. Aitoe kabla ya safari.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba hatari yote ni ya sheria. Iko nyingine, na hii inawahusu zaidi wanajeshi.

Kila chombo chenye laini, kikiwa kimewashwa, hujitambulisha kwa mnara ulio karibu, usiku na mchana, hata kama hakuna anayezungumza. Polisi hulitumia jambo hilo kumtafuta mhalifu. Adui naye aweza kulitumia kumtafuta askari. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, dakika chache baada ya saa sita, makombora yaliiangukia shule ya ufundi katika mji wa Makiivka, mashariki ya Ukraine, walimolala askari wa Urusi. Wizara ya Ulinzi ya Urusi yenyewe ilitangaza vifo 89, ikasema sababu kubwa ilikuwa simu za mkononi zilizotumiwa na askari hao kinyume cha amri. Wapo waliosema kwamba wakubwa walikuwa wanatafuta wa kumtwika makosa yao ya kuwalaza watu wengi mahali pamoja, na huenda hilo nalo lina ukweli. Lakini hakuna aliyebisha kwamba simu husema mahali ilipo. Miaka mitano kabla ya hapo, Januari 2018, dunia iligundua kwamba ramani ya kampuni moja ya kuhesabia mazoezi ya kukimbia ilikuwa imeonyesha njia za ndani ya kambi za kijeshi katika nchi mbalimbali, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia asubuhi wakiwa na saa zao mkononi. Hapakuwa na jasusi aliyetumwa.

Mwanajeshi wa Uganda hahitaji kuelezwa kirefu. Tangu Machi 2007 wenzetu wamekuwa Somalia, na tangu mwisho wa Novemba 2021 wamekuwa mashariki ya Kongo, na katika sehemu zote hizo askari hutamani kumsikia mtoto wake. Huko amri ya mkuu wa kikosi ndiyo inayosema lini simu iwashwe na lini izimwe, nasi hatuna la kuongeza juu yake. Tunalotaka kusema ni kwamba tabia ya huko hujengwa huku, katika likizo. Kishikwambi ambacho baba alikichezea akiwa kijijini, akakiruhusu kuandika mahali kila picha ilipopigwa, ndicho hicho atakachokitumia mama kumtumia picha akiwa kazini. Na simu iliyozoea kutangaza mahali ilipo haitaacha kwa sababu mwenyewe amevaa sare. Basi likizo na iwe wakati wa kuzima alama ya mahali kwenye kamera, na wa kuwafundisha watoto kwamba picha za safari hutumwa baada ya kurudi. Hata mwizi wa kawaida wa Kampala, ambaye hana kombora, hufurahi kusoma kwamba nyumba ya afande imefungwa kwa majuma mawili.

Linabaki jambo la siku ya kurudi, ambalo wengi hulipuuza. Laini ya Tanzania ina salio kidogo, na pengine ina fedha katika akaunti yake ya simu, na mama mkwe ameizoea, anaomba aachiwe. Kwa adabu ya ukwe ni vigumu kumnyima. Lakini laini ile imeandikwa kwa pasipoti ya sajini, na sajini hatakuwapo kujibu itakapotumika. Amchukue mama mkwe mpaka kwa wakala, yeye na kitambulisho chake mwenyewe, amnunulie laini mpya kwa jina lake na kifurushi cha mwezi mmoja kama zawadi ya kuagana. Ile ya kwake aitoe fedha zote, aiondoe katika chombo, aitie ndani ya bahasha pamoja na pasipoti, na juu ya bahasha aandike namba na tarehe. Kisha, akivuka tena mto Kagera pale Kyaka, ambapo askari wa rika la baba yake walilikuta daraja limevunjwa mwaka 1978, awakumbushe watoto wazime data kabla Mutukula haijaonekana.